Besi Nyepesi ya Papa Aimé

Jumatatu, 2 Septemba

Bega la kushoto linauma tena. Linauma tangu ile pikipiki initupe kwenye matope nikitoka sokoni. Leo pasi iliniponyoka mkononi, ikaunguza kola ya mwalimu mmoja. Nimemwambia ni mtindo mpya. Hakuamini, lakini alikuwa na haraka.

Mimi ni fundi wa kushona, hapa Shari, mjini Bunia, na kola siyo shida yangu. Shida yangu ni besi. Gitare la besi la korali yetu ni zito. Liliagizwa Kampala na paroko wa zamani, mtu ambaye hakuwahi kulivaa. Nimelipiga mimi tangu korali ianze, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliomba.

Mpaka jana. Katikati ya wimbo wa sadaka nililegeza mkanda ili bega lipumzike, besi ikashuka hadi magotini. Nikaipiga nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Fiacre akatoka kwenye mstari wa tenori, akanipokea ile besi kwa mikono miwili, kwa heshima, akamaliza wimbo bila kukosea. Kukosea ningemsamehe.

Huyu Fiacre alikuja na familia yake kutoka upande wa Djugu, walipokimbia vita. Gitare lake lilibaki ndani ya nyumba yao, na nyumba yenyewe haipo tena. Ana vidole virefu. Anaitika "ndiyo papa" hata asipoulizwa kitu.

Mama Bénédicte, kiongozi wa korali, alipita kwangu mchana. Alisema jubile ya korali ni tarehe ishirini na mbili, messe, yaani misa, itakuwa ndefu, basi Fiacre apige. Mimi nipumzike. Ao, kama ninataka sana, nipige nikikaa kwenye kiti. Nilimjibu kwamba kiti ni cha wagonjwa na cha maaskofu. Alinitazama, halafu akauliza sare za jubile zimefika wapi.

Jioni mke wangu Anastasie alinikanda bega kwa mafuta ya moto. Na yeye akaleta habari ya kiti. "Papa Falone, weye ikala tu. Besi haijue kama umesimama ao umeikala." Falone ni binti yetu wa kwanza, ameolewa Boga. Ninampenda mama yake, lakini ni mtu wa sauti ya alto. Mambo ya besi hayaelewi.

Nimeamua. Nitatengeneza besi yangu mwenyewe. Nyepesi, bega lisijue. Na fupi, ili vidole virefu vya Fiacre vikose pa kukaa.

Jumatano, 4 Septemba

Nilikwenda kwa Néhémie, anayetengeneza redio pembeni ya soko. Chini ya meza yake kuna mabaki ya besi iliyotoka Bambu, kwenye baa ya wachimbaji wa zahabu. Wachimbaji walipigana, mmoja akaitumia. Kichwa kilivunjika. Cha besi, Néhémie alifafanua, na cha mtu vilevile.

Shingo ni nzima. Mikro, ile sumaku inayosikiliza nyuzi, nayo ni nzima. Néhémie alinieleza mpango: tukate shingo upande wa juu, kwenye mstari wa pili wa chuma, tubandike kichwa kipya, besi inakuwa fupi na sauti inabaki nene. Nikauliza kama ana hakika. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake anauza sombe, yaani kisamvu, hatua chache kutoka pale. Aligeuka, akamtazama mwanawe muda mrefu.

Tumekubaliana nimshonee suruali na koti. Aliomba koti lenye mifuko ya ndani. Sijui anataka kuficha nini, na sikuuliza.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepata ubao. Seremala wa jirani ana mbao za parasolier, ule mti wa msituni unaokua upesi. Wanautumia kwa vibanda vya kuku. Niliinua ubao mzima kwa bega bovu na sikusikia kitu. Seremala aliniuliza nina kuku wangapi. Nilimwambia ni siri.

Mafundi wengine wangeanza kukata hovyo. Mimi nilichukua patroni, karatasi ya kukatia nguo, nikaichora kwa chaki, nikakata kwa msumeno kama ninavyokata kitambaa. Patroni niliyotumia ni ya koti la mtoto wa komunyo ya kwanza, bila mikono. Umbo limetoka zuri sana. Anastasie alisema linafanana na mtu aliyekatwa kichwa. Nilimweleza kwamba kichwa kinakuja kesho.

Jumamosi, 7 Septemba

Kichwa hakikuja. Gundi ya Néhémie haikushika. Anasema ni juu ya unyevu. Hakuna unyevu. Kuna vumbi hadi kwenye meno.

Nilipita kanisani wakati wa mazoezi, kwa bahati tu. Fiacre alikuwa anapiga wimbo wa Utukufu. Anapiga vizuri, siwezi kuandika vinginevyo kwenye karatasi yangu mwenyewe. Aliponiona aliacha, akaniomba nimwonyeshe ule mwisho wa Utukufu ninavyoupiga mimi.

Hapo nikapata wazo. Nikamwonyesha mwisho usio sawa. Nikapanda pale panapotakiwa kushuka, nikasimama kwenye noti ya ajabu, nikamrudishia besi kwa uso wa mtu mwenye huruma. Nilijua mama Bénédicte atamkatiza mbele ya watu wote.

Fiacre aliupiga. Mama Bénédicte alimwacha amalize. Halafu akasema korali nzima iurudie, kwa sababu mwisho huu ni mzuri kuliko ule tuliouzoea miaka yote. Akamsifu Fiacre. Fiacre akasema umetoka kwa papa Aimé. Mama Bénédicte akasema Fiacre ana roho ya unyenyekevu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumanne, 10 Septemba

Kichwa kimeshika. Nilitumia gundi ya seremala na skurubu ndefu, Néhémie akasimama pembeni akisema ndivyo alivyoshauri. Hakushauri hivyo.

Leo nilipima mahali pa kuweka chevalet, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi. Hapa ndipo penye besi yote. Chuma kikikaa mahali pabaya, noti zote zinadanganya. Néhémie alinipa kipimo, nikapima kwa futi yangu ya ushonaji. Nimepima vifua vya nusu ya watu wa Shari kwa futi hii. Nikatia alama, nikatoboa, nikafunga skurubu. Sikuhitaji kupima mara ya pili.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimefunga nyuzi. Néhémie akaunganisha waya na ampli, kile kipaza sauti cha besi. Nikapiga uzi wa kwanza wazi. Sauti ikatoka nene, tamu, madirisha ya jirani yakaitika. Anastasie alitoka jikoni akiwa na mwiko. Alitabasamu. Kwa kweli nilifurahi.

Nikapiga noti ya pili. Imelegea kidogo. Ya tatu imelegea zaidi. Kila nilivyopanda shingo, ndivyo besi ilivyozidi kushuka, mpaka kule juu kabisa ilikuwa inaimba wimbo mwingine, labda wa dhehebu lingine.

Néhémie alilaumu nyuzi, halafu mikro, halafu umeme wa Bunia. Mimi nilichukua futi, nikapima tena. Chuma kilikuwa kimepita kipimo cha Néhémie kwa upana wa vidole viwili. Nikakaa chini.

Ni nafasi ya mshono. Kila ninapopima kitu, mkono wenyewe unaongeza vidole viwili vya mshono. Miaka yote hii mkono umefanya hivyo bila kuniuliza. Nimeishonea besi nafasi ya kujikunja.

Nimeapa. Kuanzia leo, katika kazi yote ya muziki, hakuna nafasi ya mshono.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeziba matundu ya zamani, nimetoboa mapya. Sasa noti zinasema ukweli. Nimepaka rangi ya bluu, ile iliyobaki kwenye mlango wa choo. Inang'aa.

Nimeinua besi kwa kidole kimoja. Nikaita Anastasie aone. Aliona. Akaniuliza sare za alto zitakwisha lini.

Jumanne, 17 Septemba

Siku ya kuionyesha. Niliipeleka kwenye mazoezi ndani ya kitambaa cha kitenge, nikasubiri watu wote wafike, ndipo nikafunua. Palikuwa na mnong'ono. Nikampa mama Bénédicte aishike. Aliinua juu, akashusha, akainua tena. Alisema hii hata mtoto anaweza kubeba, na kwamba kama bega langu linakubali, basi jubile nitapiga mimi, nikiwa nimesimama. Alisema mbele ya korali nzima. Nilimtazama Fiacre. Alikuwa anapiga makofi.

Nikavaa mkanda. Nikaachilia mkono ili nigeuze ukurasa.

Kichwa cha besi kilianguka chini kama ndoo kwenye kisima, kikagonga sakafu. Nikakiinua, nikaachilia tena. Kikaanguka tena, safari hii kwenye mguu wa Fiacre. Mwili ni mwepesi mno, funguo za kukazia nyuzi ni za chuma na zote ziko juu kichwani. Besi haitaki kulala mlalo. Inataka kutazama ardhi. Nikiishikilia shingo isianguke, mkono wa kushoto unashindwa kubonyeza nyuzi, na bega linaanza kuuma hata kuliko zamani.

Niliwaambia watu kwamba ndivyo zinavyokaa besi za kisasa zikiwa zimepumzika.

Fiacre akaomba kuijaribu. Nilimpa kwa furaha, nikingoja vidole virefu vikose nafasi. Alikaa, akaiweka kwenye paja, akapiga. Vidole vilikaa vyema kabisa. Alisema, "Papa Aimé, hii iko tamu. Mikono haichoke." Alikuwa anasema kweli, ilionekana usoni. Nilimnyang'anya taratibu.

Alhamisi, 19 Septemba

Jambo ni rahisi. Kama kichwa ni kizito, basi mwili uwe mzito vilevile. Ni kama mizani ya dukani.

Nilikwenda kwa mekaniki wa pikipiki pale barabarani, nikaomba vyuma vibovu: nati, boliti, vipande vya mnyororo. Nikashona mfuko wa ngozi wa kufunga nyuma ya besi, chini kabisa. Bila nafasi ya mshono, kama nilivyoapa. Ukingo kwa ukingo, safi, unapendeza kwa macho.

Nikatia vyuma kidogo. Kichwa kikaanguka. Nikaongeza. Kikaanguka polepole. Nikaongeza mpaka mfuko ukajaa pomoni, na hapo besi ikalala mlalo, ikatulia kama mgonjwa aliyepona. Nikaachilia mikono yote miwili. Haikusogea. Nilisimama hivyo muda mrefu katikati ya karakana, mikono juu, mteja akaingia akadhani ni wezi.

Anastasie aliichukua ili aihamishe apate kufagia. Akaiweka chini. Akaniuliza, "Hii na ile ya korali, gani iko nzito?"

Nilimwambia afagie upande mwingine. Besi nyepesi imejengwa, na uzito wake ni jambo jingine.

Jumapili, 22 Septemba

Jubile. Nitaandika ilivyokuwa.

Kanisa lilijaa hadi nje. Sare zilikwisha jana, zinawakaa watu vizuri. Nilisimama mahali pangu, bluu yangu kifuani. Wimbo wa kuingia ulikwenda salama. Bega liliuma tangu ubeti wa kwanza, lakini nilisimama. Fiacre alikuwa nyuma yangu kwenye tenori, na besi nzito ya korali iliegemea ukutani bila waya.

Tulipofika Utukufu watu wakaanza kucheza, na mimi nikacheza kidogo, kulia na kushoto, kama inavyotakiwa. Nikasikia mshono unasema krr. Najua ile sauti. Ni sauti ya suruali ya mtu mnene anapoinama. Nikaacha kucheza, lakini ulikuwa umekwisha kuamua.

Mfuko ulifunguka wote kwa mara moja. Nati na boliti zikamwagika kwenye sakafu ya kanisa, zikaruka, zikakimbia. Nyingine zilipita kati ya viti. Moja ilizunguka polepole mpaka mbele ya altare, ikasimama karibu na kiatu cha padri mgeni, naye akaitazama kana kwamba imeletwa kama sadaka. Kipande cha mnyororo kilibaki kimening'inia nyuma yangu kama mkia. Na kichwa cha besi kikaenda chini.

Nikakishika kwa mkono wa kushoto. Basi hakuna wa kubonyeza nyuzi. Besi ikanyamaza. Korali iliendelea kuimba, lakini wimbo usio na besi ni kama nyumba isiyo na msingi, niliona sauti zinaanza kuyumba. Mama Bénédicte alinitazama, halafu akaitazama besi nzito ukutani, halafu Fiacre. Nilijua kinachokuja. Nilitamani sakafu ipasuke.

Fiacre alitoka kwenye mstari. Lakini hakwenda ukutani. Alikuja upande wangu wa kushoto, akainama kidogo, akaweka kiganja chini ya kichwa cha besi, akakiinua mpaka mahali pake.

"Papa Aimé, weye piga tu. Miye niko nakamata kichwa."

Nikapiga. Tulifika ule mwisho wa Utukufu, mwisho wangu wa uongo, na kanisa zima likaimba nao. Fiacre alishika kichwa kile kwenye sadaka, kwenye Mtakatifu, kwenye komunyo, mpaka wimbo wa kutoka. Hakubadilisha mkono. Nilipotembea, alitembea. Besi haikuwa na vyuma tena, na kichwa hakikuwa changu kukibeba, kwa hiyo haikuwa na uzito wowote. Bega halikuuma. Sijapiga vile tangu nilipokuwa kijana. Kuna wakati nilifumba macho.

Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Jumatatu, 23 Septemba

Shari yote inazungumza. Lakini hawazungumzi juu ya besi.

Muuza mkate aliniuliza kama kushika kichwa cha gitare ni desturi mpya ya kanisa, na kama mtu akitaka kufanya kazi ile anaandikishwa wapi. Padri mgeni, katika neno lake la mwisho jana, alisema parokia ni hivyo: mmoja anapiga, mwingine anashika. Watu walipiga makofi. Akamwita Fiacre mbele ambariki. Mimi nilibaki nyuma nikiwa nimeshika kichwa mwenyewe.

Watoto wananiletea nati. Wamezisafisha. Wanataka peremende kwa kila moja.

Mama Bénédicte alikuja mchana. Alisema ameamua: Jumapili moja Fiacre, Jumapili nyingine mimi, na siku yangu nitakaa kwenye kiti, besi ya bluu ikiwa pajani, mambo yakwishe. Aliongea kwa upole. Nilisema ndiyo mama. Nilijisikia kama Fiacre.

Anastasie alisema Fiacre ni mtu muzuri na kwamba inafaa nimpe kitu kwa shukrani. Nilimwambia nitafikiri.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimefikiri.

Nitamtengenezea Fiacre besi. Zawadi, yake mwenyewe, kutoka kwangu. Gitare lake lilibaki Djugu, kila mtu anajua, na hakuna atakayeona kitu kingine ndani ya zawadi hii ila wema. Lakini haitakuwa ya parasolier. Itakuwa ya libuyu, mti mzito wa msituni, ubao mnene, mbichi kutoka njia ya Mambasa, unaotoa maji ukiugonga. Na itakuwa ndefu kuliko ile ya korali. Apige messe moja, mbili, bega lake liongee naye. Hapo atakuja mwenyewe kuniachia Jumapili zote.

Nilimwambia Anastasie sehemu ya kwanza tu, ile ya zawadi. Aliweka sufuria chini, akanishika uso kwa mikono miwili yenye unga, akasema alijua siku zote kwamba aliolewa na mtu wa roho nzuri. Mtu hawezi kumkatiza mke wake anaposema vile.

Fiacre nilimwita kwenye karakana nikamweleza. Alitazama nje, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Halafu akasema ndiyo papa, na kwa mara ya kwanza haikunikera. Ilinikera baadaye, nilipotulia.

Tukaenda pamoja kuuchukua ubao. Wasukuma mkokoteni walikuwa wawili na walikuwa wanabishana ni nani atashika upande mzito. Fiacre akawaomba wapumzike. Akauinua peke yake, akautupa begani, akaanza kutembea akipiga mluzi. Njiani nilimuuliza anafanya kazi gani siku hizi. Alisema anapakua mifuko ya simenti kwenye depo, asubuhi hadi jioni, na kwamba muziki ndiyo mapumziko yake. Kwenye kilima aliniona nahema, akanipokea na mfuko wangu wa vifaa, akauning'iniza kwenye bega lile lingine.

Kesho nitamuuliza seremala kama kuna mti mzito kuliko libuyu.